Sarufi ya Saketi: Lugha Zisizotoa Amri na Funzo Lake Kwetu

Aghalabu tukitaja neno lugha, fikira zetu hukimbilia Kiswahili, Kiingereza, Kikamba, Kiluo au Kisomali, yaani sauti zitokazo vinywani mwa watu na kuingia masikioni mwa wenzao. Ni wachache wanaokumbuka kwamba zipo lugha ambazo hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mtoto kwazo, lugha zisizo na nyimbo wala matusi, lakini ambazo kila anayetuma pesa kwa simu, anayetoa fedha katika mashine ya benki au anayewasha runinga sebuleni anazitegemea bila kujua. Hizi ni lugha za kueleza maunzi. Wahandisi huzitumia kuandika saketi za dijitali kabla saketi hizo hazijachongwa katika chipu. Nakusudia kuzijadili leo, si kwa kuwa mimi ni mhandisi, la hasha, bali kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, na ninaamini kwamba jinsi zinavyofundishwa humu nchini ni jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha kama linavyowahusu walimu wa fizikia na tarakilishi.

Tuanze na asili yake. Mnamo 1854 Mwingereza George Boole alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa maneno "na", "au" na "si" yanaweza kuandikwa kwa alama na kukokotolewa kama hesabu. Zaidi ya miaka 80 baadaye, mwaka 1937, kijana Mmarekani Claude Shannon alionyesha katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kwamba swichi za umeme zinafuata kanuni hizo hizo za Boole. Swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja zinasema "na". Zikiwekwa sambamba zinasema "au". Tangu siku hiyo, waya uliweza kusomwa kama sentensi, na sentensi ikaweza kujengwa kama waya.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wahandisi waliendelea kuchora. Chipu ya Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300, na michoro yake ilifanywa kwa mkono. Kazi hiyo ilichosha lakini iliwezekana. Transista zilipofika malaki, kisha mamilioni, na siku hizi mabilioni katika chipu moja, hapakuwa tena na ukuta wa kubandika mchoro wala jicho la kuukagua. Kalamu ya mchoraji ilipofika ukingoni, lugha iliitwa kuokoa jahazi.

Lugha mbili ndizo zilizotia fora, na historia ya kila moja ina mafunzo yake. Ya kwanza ni VHDL, ambayo ilianzishwa miaka ya 1980 kwa gharama ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Jeshi lilikuwa likinunua mitambo yenye chipu za makampuni mbalimbali, na lilihofia kwamba chipu hizo zitakapochakaa, pasiwe na mtu anayejua zilifanya kazi gani hasa. Kwa hivyo jeshi lilitaka maelezo yaliyoandikwa kwa lugha moja, yenye maana moja, ambayo msomaji wa miaka 20 ijayo angeyaelewa. Naam, VHDL ilizaliwa ili kuhifadhi kumbukumbu. Ilisanifishwa mwaka 1987, na sarufi yake iliazimwa kwa kiasi kikubwa kutoka Ada, lugha ya programu iliyokuwa ikitumiwa na jeshi hilo hilo.

Ya pili ni Verilog. Hii iliundwa mnamo 1984 hivi na Phil Moorby na Prabhu Goel katika kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Gateway Design Automation. Ilizaliwa pamoja na programu yake ya uigaji, na kwa miaka kadhaa ilikuwa mali ya kampuni hiyo peke yake. Baadaye kampuni ya Cadence iliinunua Gateway, na ilipoona kwamba VHDL, lugha iliyo wazi kwa wote, inaenea kama moto wa nyikani, iliamua mwaka 1990 kuiachilia Verilog itumiwe na umma. Verilog nayo ikasanifishwa mwaka 1995. Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu yeyote angelitabiri: lugha inayofungiwa kabatini na mwenyewe haikui. Lugha huishi kwa kusemwa na wengi, hata wale wanaoisema vibaya.

Sisi Waswahili tunakumbuka mkutano wa Mombasa wa 1928, ambapo lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikabaki na manung'uniko yake. Katika saketi mambo yalikwenda kinyume, kwani lahaja zote mbili zilisanifishwa na zote mbili zingali hai. VHDL ni kama mzee wa adabu: hukutaka utaje aina ya kila kitu kabla ya kukitumia, na hukukatalia kuchanganya visivyochanganyika. Verilog ni kijana wa mjini. Maneno yake ni machache na husamehe mengi, pengine kupita kiasi. Mrithi wake, SystemVerilog, aliyesanifishwa mwaka 2005, amekua kiasi cha kumeza mengi yaliyokuwa nje ya Verilog ya awali.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Wanafunzi wengi hukutana na lugha hizi baada ya kujifunza kuandika programu za tarakilishi, na kwa kuwa sura ya maandishi inafanana, wao hudhani kwamba VHDL na Verilog ni lugha za programu zenye majina mageni. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa fitina. Tofauti iliyopo hapa ni ya kisarufi, na mwalimu wa Kiswahili ana silaha bora ya kuieleza kuliko vitabu vingi vya uhandisi.

Programu ya kawaida ni mfululizo wa amri. Chukua nambari hii, ijumlishe na ile, weka jibu pale, rudi mwanzo. Ukiisimulia programu baada ya kutenda kazi, utatumia kiambishi KA cha mfululizo wa matendo: ilichukua, ikajumlisha, ikaandika, ikarudi. Bila KA hakuna hadithi, na bila mfuatano hakuna programu. Saketi haina hadithi ya namna hiyo. Umeme haungoji mstari wa kwanza umalizike ndipo uende kwenye mstari wa pili. Milango yote ya mantiki ipo, yote imeunganishwa, na yote inatenda kwa wakati mmoja. Ukitaka kuisema saketi kwa Kiswahili fasaha, utatumia HU ya mazoea na KI ya masharti: taa huwaka swichi zote mbili zikifungwa. Sentensi hii haimwamuru mtu yeyote, wala haina jana au kesho. Inaeleza hali ya mambo, na hali hiyo ni kweli wakati wote.

Katika Verilog, sentensi hiyo huandikwa hivi:

assign taa = swichi1 & swichi2;

Msomaji ataona kwamba neno la Kiingereza hapo ni moja tu. Majina mengine ameyachagua mwandishi, na mashine haijali kama ni ya Kiswahili au ya Kijapani. La muhimu zaidi ni kwamba alama ya usawa iliyo katikati haisemi "weka sasa". Inasema "huwa". Ukiandika sentensi kumi za aina hii na kuzichanganya, ya mwisho ikawa ya kwanza, saketi itabaki ile ile. Jaribu kuzichanganya amri kumi za programu uone kitakachotokea!

Mfano wa pili ni mgumu kidogo, na ndio unaowatoa jasho wanafunzi. Tuseme tuna vikombe viwili, kimoja cha chai na kingine cha maziwa, nasi tunataka kubadilishana vilivyomo. Mpishi atahitaji kikombe cha tatu. Mwandishi wa programu naye, kwa desturi, huhitaji nafasi ya tatu ya kuhifadhia. Lakini katika saketi yenye rejista mbili zinazoongozwa na saa moja, mambo ni mepesi:

kushoto <= kulia;
kulia <= kushoto;

Mlio wa saa unapopigwa, kila rejista huchukua kilichokuwa katika mwenzake kabla ya mlio, na zote hubadilika kwa pamoja. Ni kama kura ya siri. Kila mpiga kura huamua kwa kuangalia hali ilivyo kabla ya matokeo, na matokeo hutangazwa mara moja kwa wote. Mwanafunzi akisahau kile kialama cha kushoto na kuandika alama ya usawa peke yake, mstari wa kwanza utatekelezwa kwanza na kuifuta thamani ya zamani ya kushoto, na mwishowe rejista zote mbili zitabaki na kitu kimoja. Kialama kimoja tu kimegeuza HU kuwa KA. Waama, nani atasema tena kwamba sarufi haina kazi nje ya darasa la lugha?

Hapa ndipo programu za uigaji zinapoingia. Chipu ikishachongwa, haifutiki kwa kifutio. Vielezo tu vya kuchongea chipu za kisasa hugharimu mamilioni ya dola, na kosa likigunduliwa baada ya hapo, kazi hurudi mwanzo. Kwa hivyo mhandisi huijaribu saketi yake ikiwa bado ni maandishi. Kiigizi husoma maelezo, hupewa ishara za kuingiza, kisha huonyesha ishara zinazotoka, kwa kawaida kama mistari inayopanda na kushuka kadiri wakati unavyopita. Tarakilishi ya kawaida, ambayo hutenda hatua kwa hatua, inalazimika kuiga kitu kinachotenda yote kwa pamoja. Hufanya hivyo kwa kutunza foleni ya matukio: ishara moja ikibadilika, sentensi zote zinazoisikiliza huamshwa, hukokotolewa moja baada ya nyingine, na mabadiliko yake huandikwa kana kwamba yalitokea kwa nukta moja ya wakati. Msimamizi wa kura huhesabu karatasi moja moja, lakini hutangaza jumla.

Jambo linalonifurahisha zaidi katika viigizi hivi ni unyofu wake. Sisi hufikiri kwamba dijitali ina tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Katika Verilog kila waya unaweza kuwa na hali nne: sifuri, moja, Z, yaani waya ambao hakuna anayezungumza ndani yake, na X, yaani "sijui". VHDL hutumia kanuni iliyosanifishwa mwaka 1993 yenye hali tisa, ikiwemo ya ishara ambayo haijawahi kupewa thamani yoyote tangu mwanzo. Wakati saketi inapowashwa na rejista zake hazijaambiwa zianze na nini, kiigizi hakibuni jibu. Huandika X. Laiti nasi binadamu tungekuwa na herufi kama hiyo katika mitihani na mikutano yetu!

Lakini tusidanganyike. Hata unyofu huu una mipaka. Katika Verilog, sharti likiwa X, kiigizi hufuata njia ya "la sivyo", kama kwamba sharti hilo si kweli, na "sijui" ile inaweza kuzama pasipo kuonekana tena. Isitoshe, zipo sentensi ambazo kiigizi huzikubali ilhali hazijengeki. Mwanafunzi anaweza kuandika "ngoja sekunde bilioni kumi, kisha ubadilike" kwa namna ya Verilog, na mistari ikapendeza katika kioo, lakini programu ya usanisi, ambayo kazi yake ni kuyageuza maelezo kuwa milango halisi, hupuuza ngoja hiyo au huikataa. Wanafunzi wa isimu wanaijua hali hii. Noam Chomsky alitufundisha mwaka 1957 kwamba sentensi inaweza kuwa sahihi kisarufi na isiwe na maana. Katika saketi, sentensi inaweza kuwa sahihi, iwe na maana, na bado isiweze kuwa kitu.

Mpaka mwingine ni wa hesabu. Fikiria kijumlishi cha nambari mbili, kila moja ikiwa na biti 32. Michanganyiko ya nambari zinazoweza kuingizwa ni zaidi ya trilioni milioni 18. Hata tungekuwa na mashine inayojaribu michanganyiko bilioni moja kila sekunde, kazi ingechukua zaidi ya miaka 580. Na hicho ni kijumlishi tu! Kwa hivyo anayejaribu saketi hawezi kuuliza maswali yote, anachagua. Na saketi inaweza kuwa na kosa mahali ambapo hakuna aliyeuliza.

Dunia ililishuhudia jambo hili mwaka 1994. Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, alikuwa akifanya hesabu zake za nambari tasa alipogundua kwamba chipu ya Pentium ya Intel inakosea kugawanya. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 unapaswa kupata 1.33382, chipu ilitoa 1.33373. Kisa ni kwamba nafasi tano katika jedwali linalotumika kugawanyia, ambazo zilipaswa kujazwa, ziliachwa na sifuri. Majaribio yalikuwa yamefanywa kwa wingi, lakini hayakugusa nafasi hizo tano. Kampuni ilitenga dola milioni 475 kukabiliana na hasara hiyo. Tangu hapo makampuni ya chipu yalizidi kutia mkazo katika uthibitisho wa kimantiki, ambao haujaribu mfano mmoja mmoja bali huthibitisha kanuni nzima kama tuthibitishavyo nadharia za jiometri. Maji yakimwagika hayazoleki, na kosa likichongwa katika silikoni halifutiki.

Je, haya yote yana uhusiano gani na mwalimu wa Kakamega au mwanafunzi wa Lamu? Uhusiano upo, na ni mkubwa. Zamani aliyetaka kujifunza kubuni saketi alihitaji maabara yenye vifaa, au leseni za programu ambazo bei yake ingemaliza bajeti ya shule nzima. Leo vipo viigizi vya bure ambavyo yeyote anaweza kuvitumia, kuvinakili na kuvichunguza: Icarus Verilog, Verilator, na GHDL kwa wale wa VHDL, pamoja na GTKWave ya kuonyesha mistari ya ishara. Vinatenda kazi katika tarakilishi ya kawaida, hata iliyozeeka, na vikishawekwa havihitaji intaneti. Sisemi kwamba kila shule ina tarakilishi, wala kwamba umeme haukatiki. Nasema kwamba pale ambapo tarakilishi kumi za maabara zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi, kizingiti cha gharama kimeondolewa. Kilichobaki ni kizingiti cha ufahamu, na ufahamu hupitia lugha.

Katiba yetu ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, mlango wa maabara ukifunguliwa, Kiswahili huachwa nje kama viatu mlangoni pa msikiti. Wapo watakaoniuliza, je, unataka tuitafsiri Verilog? Hapana. Maneno yake maalumu ni machache na mwanafunzi atayakariri kama anavyokariri alama za kemia. Ninachotaka ni kwamba kabla hajaandika mstari wowote, aweze kuisema saketi yake kwa lugha anayoimudu. Achukue kijumlishi kidogo kabisa cha tarakimu mbili za jozi na aseme: jumla huwa moja iwapo ni moja tu kati ya hizi mbili iliyo moja, na moja hubebwa iwapo zote mbili ni moja. Akiweza kusema hivyo bila kutumia KA hata mara moja, amekwisha kubuni saketi. Kuiandika kwa Verilog ni kazi ya dakika mbili.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Huu ni wimbo wa zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Mombasa alitupa neno runinga, na leo hata mtoto hulitumia. Istilahi hazianguki kutoka mbinguni. Huzaliwa pale watu wanapozihitaji kazini. Saketi, lango, rejista, kiigizi na usanisi nimezitumia hapa, na naamini msomaji amenifuata mpaka hapa bila kamusi mkononi.

Wapo pia watakaosema kwamba Kenya haitengenezi chipu, kwa hivyo haya ni mambo ya wenyewe. Hao hawajafika Nyeri, ambako katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi pana kampuni inayojishughulisha na teknolojia ya nusukipitishi. Tena, kubuni chipu si lazima kiwe kiwanda. Ni kuandika, kujaribu na kusahihisha, kazi ambayo kijana mwenye tarakilishi anaweza kuifanya akiwa Kisii kwa manufaa ya mteja aliye Ujerumani. Na hata yule ambaye hatabuni chipu maishani mwake atakuwa amejifunza mambo matatu yenye faida popote: kutofautisha amri na maelezo, kukiri "sijui" mahali panapostahili, na kuelewa kwamba kufaulu majaribio mengi si sawa na kuwa sahihi.

Kwa hivyo natoa wito kwa walimu wenzangu. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa tarakilishi waketi pamoja kwa kipindi kimoja tu muhula huu. Mmoja afundishe HU na KI, mwingine afundishe lango la "na" na lango la "au", kisha wanafunzi waandike sentensi zao ubaoni na kuzipeleka kwenye kiigizi. Wanafunzi nao wasingoje kuamriwa. Wakibaki na mistari ya X katika kioo, wasione haya. Waifuate mmoja mmoja mpaka waione rejista waliyoisahau. Bandu bandu huisha gogo.